Bakuli la Madirisha

Mjomba wake Somoe tumemzika wiki iliyopita, na nakwambia kweli, sijapata kuona maiti iliyotulia kama ile. Si ajabu, maana hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kutulia. Akishakaa kwenye kigoda chake asubuhi, kuku wanampita juu ya miguu, watoto wanamruka, jua linakwenda mpaka Songea linarudi linamkuta pale pale anakutazama. Matangani nilikaa mkekani na wanaume wenzangu, yaani nilijaribu kukaa. Niliinuka kwenda kuangalia kuni, nikainuka kwenda kuangalia kama aliyekwenda kuangalia kuni amerudi, nikainuka kumpisha mtu ambaye hakutaka kupita. Kijana mmoja wa ukoo aliyekuja kuzika kutoka Dar es Salaam akaniuliza, babu, wewe na miguu yako hii, uliwezaje kukaa nyumba moja na mzee yule miaka yote? Somoe, mke wangu, alikuwa upande wa wanawake nyuma ya ukuta wa makuti, na masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Akajibu kutoka huko huko, "Alikaa? Nani alimwona amekaa?" Basi msiba ukapata kicheko chake, na mimi nikapata sababu ya kuinuka tena.

Ndiyo nikaona niuseme mwaka ule. Habari za nani kanizaa na nani kamzaa aliyenizaa naziruka, hazina ladha. Kalamu mimi nimeishika siku ya kupiga kura tu, kwa hiyo nasema na mjukuu wangu anaandika, na nimemwonya asipunguze kitu. Ulikuwa mwaka ambao Wareno bado wanapigana na wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, na huku kwetu juu Newala serikali imetutoa kwenye vishamba vyetu vya huku na huku, tukakae pamoja kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama watu wanaosubiri chumvi dukani. Kijiji chetu walikiweka ukingoni kabisa, pale ardhi inapokatika, ukitema mate yanaangukia wilaya nyingine. Mvua ilikuwepo, ukungu ulikuwepo, asubuhi humwoni mbuzi uliyemshika kamba. Maji ndiyo hayakuwepo. Maji yalikuwa chini ya jabali, na mwanamke akishuka nayo ndoo alfajiri alikuwa anarudi watoto wake wamekua, wanampa shikamoo bila kumtambua.

Somoe nilimwona kwenye njia hiyo ya maji. Yeye anapanda na ndoo kichwani, mimi nashuka mbio, sijui nakimbilia nini, nilikuwa nakimbia tu. Nikamwambia nimemkuta kisimani samaki mkubwa kama ndama, ananiulizia habari zake. Hakugeuza kichwa, hakumwaga tone. Akasema, "Ukamjibu nini?" Nikabaki nimesimama, mdomo wazi, sina la kusema, na tangu nizaliwe lilikuwa halijanipata. Pale pale nikajua huyu nikimkosa nimekwisha.

Sasa kwetu Wamakonde, msichana hana baba wa kumwendea, ana mjomba. Na kwa mjomba hutumwa mshenga, mtu mzima mwenye kauli. Mimi nikaenda mwenyewe, kwa sababu mshenga ningelazimika kumsubiri. Nilimkuta mzee barazani kwenye kigoda, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, halafu akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa na urefu. Nikaanza kusema, nikasema yote, mpaka nikarudia ya mwanzo. Mwisho akatazama ng'ambo ya njia, kwangu, akasema taratibu kama anahesabu mbegu: "Nyumba yako nusu ina paa, nusu inatazama mbingu. Shamba umelima hadi katikati, na jembe umeliacha limesimama pale pale. Hata ndevu, kijana, umenyoa upande mmoja." Nikajishika shavu. Ilikuwa kweli, nilipokuwa nanyoa niliitwa na mtu nikaenda. Akaendelea: "Nionyeshe kitu kimoja. Kimoja tu, umekianza wewe na umekimaliza wewe. Korosho zikiisha kuokotwa kabla sijakiona, Somoe anakwenda kwa bwana shamba. Amekwisha kuuliza."

Bwana shamba alikuwa mtu wa Iringa, ameletwa na serikali kutufundisha kupanda korosho kwa mistari. Alikuwa na mshahara, baiskeli, redio, na tabia nzuri. Baiskeli na redio ningevisamehe. Tabia nzuri iliniuma sana. Alikuwa akinikuta njiani anashuka, ananisalimia, ananiuliza mahindi yangu yanaendeleaje, na mimi nina matuta machache tu na jembe lililoota kutu.

Usidhani nilikwenda moja kwa moja kutafuta kazi ya kumaliza. Nilikwenda kutafuta njia ya kuondoka. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinaondoka. Malori ya wapiganaji yanapita na vumbi lake, ndege za Wareno zinaonekana mbali upande wa mto kama nzi juu ya nyama, wakimbizi wanaingia na mikeka yao, vijana wenzangu mmoja kaenda jeshini, mmoja kaenda mkonge Tanga, mmoja kaenda tu. Nikisikia injini miguu inaanza kucheza yenyewe juu ya mkeka. Nilikuwa naweza kuanza ugali wa muhogo kwa shangazi yangu, nikaumalizia kwa jirani, na mboga nikala nyumba ya tatu.

Nyumba ya tatu ndiyo ilikuwa ya fundi Tomasi. Huyu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, wale wa chale usoni, alivuka Ruvuma akikimbia mabomu. Mkewe alibeba mtoto, vyungu, kuku na mbegu za kunde. Yeye alibeba chuma. Chuma chenyewe kilikuwa mhimili wa kerezo, mashine ya kuzungushia mbao ili uichonge ikizunguka, maana huko Msumbiji alikuwa akimchongea Mreno mmoja miguu ya vitanda. Mkewe hakumsamehe. Kila tukikaa kula alikuwa ananigeuzia mimi shauri: "Mwanangu, hebu muulize mwenzio, tulipofika hapa usiku wa kwanza tulikula chuma?" Fundi anatafuna, anasema chuma hakijaiva bado.

Chumba kile nakiona mpaka sasa. Kilikuwa karakana, jiko na chumba cha kulala vyote pamoja. Kerezo limesimama katikati, gurudumu kubwa la mti wa mkongo, mkanda wa ngozi, na kanyagio chini. Ukikanyaga, gurudumu linazunguka, mhimili unazunguka, mbao inazunguka, na takataka zinaruka mpaka kwenye kunde. Kwenye mafiga pamekaa vyungu viwili, kimoja cha mchuzi na kimoja cha gundi, na gundi ilikuwa inapikwa kwa ngozi na kwato za mbuzi, inanuka hivi kwamba inzi wenyewe walikuwa wanakaa nje. Siku moja nilichovya tonge kwenye chungu kisicho chake. Nilifumba mdomo Jumatatu, nikaufumbua Ijumaa.

Wakati nalalamika habari za mjomba, mguu wangu ulikuwa unacheza, unapiga sakafu, na fundi Tomasi alikuwa anautazama huo mguu, hanisikilizi mimi. Akaniambia nihamie kwenye kanyagio. Nikakanyaga. Gurudumu likaanza kulia, likaenda, na mimi nikaenda nalo, nikapita Nachingwea, nikapita Lindi, nikavuka Rufiji, na bado nimesimama pale pale. Akasema, "Miguu yako inataka safari. Ipe hiyo, iende inakotaka. Mikono ndiyo ibaki hapa na mimi." Ndivyo nilivyoingia kazini, sijaomba, sijakubali.

Fundi akaamua kitu cha kumwonyesha mjomba kiwe bakuli, lakini gogo la kulichonga hatukuwa nalo. Mipingo yote mizima ilikuwa ya wachonga vinyago, na ukigusa gogo la mchongaji afadhali uguse mkewe. Lakini vipande walivyokata wakavitupa vilikuwa vimejaa nyuma ya nyumba zao, vyeusi ti, vizito kama chuma, watoto wanatupia maembe. Fundi akasema tutajenga bakuli kama nyumba, tofali juu ya tofali, kipande cheusi, kipande chekundu, kipande cheusi. Chekundu kiwe mninga. Mninga ulikuwa Masasi, kwa seremala mmoja wa Mkomaindo aliyekuwa anatengeneza milango, anatupa pembe. Nikateremka Masasi kwa miguu. Nilikwenda haraka kiasi kwamba kivuli changu kilifika kesho yake.

Seremala yule alinipa gunia zima la vipande, akanipa na chai, kisha nikatoka kwenda barabarani kurudi kwetu. Pale njiapanda lilikuwa limesimama lori, limejaa vijana wanaimba, linakwenda Nachingwea kwenye kambi, na mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu. Akaninyooshea mkono, akasema, Chande, panda, unangoja nini. Injini inanguruma, miguu yangu inacheza. Nikatupa gunia juu, nikapanda. Wallahi nilipanda. Nilikaa juu ya gunia lile la mninga, lori likaondoka, na pembe za vipande zikaanza kunichoma makalioni, kila shimo la barabara zinanikumbusha, hapa mjomba, hapa bwana shamba, hapa Somoe na ndoo yake. Tulipofika mahali pa kupanda kilima, lori likapunguza mwendo, nikasukuma gunia chini nikaruka nalo. Yule wa kwetu alinitukana mpaka lori lilipopotea. Vijana wengine wa lori lile hawakurudi, na mimi nikiwakumbuka huwa najitazama miguu.

Bakuli la kwanza tulilijenga limebanana, mpingo na mninga bega kwa bega, huwezi kupenyeza unywele. Mpingo una mafuta, gundi inateleza juu yake, kwa hiyo kila kipande unakikwaruza kwa msumeno kwanza, unapaka, unabana kwa kamba, unasubiri. Hapo penye kusubiri ndipo nilipokuwa nakosana na kazi. Fundi alisema gundi ikauke kivulini, tuiache. Akaenda mazikoni kijiji cha pili. Mimi nikaona nitamrahisishia, nikalichukua bakuli nikaliweka juu ya uchanja, kule mahindi yanakokaushwa, moto uko chini yake. Ukungu wa Newala uko nje, umeingia mpaka kwenye mbavu za mninga. Moto uko ndani, unamvuta mpingo. Mmoja anavimba, mwingine anakauka, na wamefungwa pamoja hawana pa kwenda.

Alfajiri lilipasuka. Sikiliza, nimesikia mizinga, nimesikia radi imepiga mkorosho, sijasikia mlio kama ule. Vipande vilitoboa paa. Jirani akapiga kelele Wareno, na mwingine akapiga debe, na mgambo akapuliza filimbi aliyokuwa akiisubiria mwaka mzima, na kijiji kizima cha Ujamaa kikaingia kwenye mahandaki, wazee, wajawazito, mbuzi, na balozi wa nyumba kumi amevaa kanga ya mkewe. Mimi nilikuwa na mjomba katika handaki moja. Tumesimama kifua kwa kifua, tope mpaka magotini, na juu ya bega lake nilikuwa naona kipande cheusi cha mpingo kimeshika kwenye nywele za mtu. Mkuu wa mgambo akaja akakiokota, akakinusa, akauliza bomu gani linanuka kwato za mbuzi. Mjomba akanitazama. Mahali pale hapakuwa na nafasi ya kunyamaza kwa urefu wake wa kawaida, akaongea haraka kidogo. Akasema, "Hata kitu cha kupasuka umekipasua kabla ya wakati."

Niliporudi nilikuwa nimeamua kufungasha. Nilikuta fundi Tomasi amerudi kutoka mazikoni, amepiga magoti anaokota vipande, hana hasira, amekiweka kimoja kwenye kiganja anakigeuza. Akasema kosa ni letu sote, tumewafungia miti miwili chumba kimoja bila dirisha. Mpingo na mninga wakae pamoja, lakini kila mmoja apate mahali pa kutolea pumzi. Akachana mwanzi, akakata vijiti vyembamba sawasawa, akaniambia kati ya kipande na kipande weka kijiti, gundi ikishika kitoe, pabaki wazi. Mstari wa juu, kipande kinakaa juu ya uwazi wa chini, kinashikilia majirani wawili kwa ncha, kama mtu aliyeweka mikono mabegani mwa wenzake. Ikawa kazi ya wazimu. Kipande kidogo kama jino, unakata, unakwaruza, unapaka, unaweka, unaweka mwanzi, kingine. Mikono ikichoka nakwenda kukanyaga gurudumu tupu, nasafiri kidogo, narudi. Nikiisikia injini barabarani, fundi anasema, kanyaga. Nakanyaga mpaka injini inapotea.

Siku ya kulikereza lenyewe ikafika. Bakuli la matundu likizunguka halionekani tundu, linaonekana ukungu mweusi na mwekundu, na patasi yako ikigusa inalia kama mtu anayekimbiza fimbo kwenye ua wa mianzi. Ukisukuma kidogo tu zaidi, vipande vyote vinakwenda Msumbiji kupigana. Fundi alinishika kiwiko, basi, hakunishika patasi. Tulipolisimamisha lilikuwa pana, ungeweza kumwogeshea mtoto ndani, kama ungemwogesha mtoto kwa hewa. Nikalisugua kwa majani ya msasa, nikalipaka nta ya nyuki, likang'aa. Mke wa fundi akaja, akalitazama, akaingiza kidole tundu hili akakitolea tundu lile. Akasema, "Watu hatuna maji ya kunywa, na nyie mmetengeneza chombo cha kuyamwaga." Akaondoka, lakini nilimwona mlangoni anageuka kulitazama tena.

Katika siku zile nilikuwa napita nyuma ya jiko la mjomba kila nikienda na kila nikirudi, na hata nikiwa siendi wala sirudi. Ukuta wa jiko ulikuwa wa udongo, umepasuka, na sauti inapita kama moshi. Bibi yake Somoe alikuwa anatwanga kisamvu, Somoe anakaanga karanga, nikasikia bibi anamsifia bwana shamba, anajua mbolea, anajua mvua, anajua dawa ya ukungu. Somoe akasema, "Sasa bibi, kila kitu anakijua. Mimi na yeye tutazungumza nini?" Bibi akauliza, na huyu kichaa wa ng'ambo ya njia? Nikasikia Somoe anakoroga karanga. "Huyu hata akipita nyuma ya ukuta," Somoe akasema, "anakanyaga kama ng'ombe." Nikaondoka kwa ncha za vidole, na nyuma yangu nikasikia bibi anacheka mpaka mtwangio umenyamaza.

Korosho zilikuwa zimebaki chache chini ya miti nilipopeleka bakuli. Nilinyoa ndevu pande zote mbili. Nikaliweka miguuni pa mjomba, nikachuchumaa, nikanyamaza, kwa mara ya kwanza tulinyamaza wote wawili. Akaliinua. Akaligeuza juani, na madoa ya mwanga yakamtambaa usoni na kifuani. Akaingiza macho kila mahali. Moyo wangu ulikuwa umeshuka chini ya jabali kuchota maji. Kisha akaliweka chini, akasema, "Kazi nzuri. Utaimaliza lini?"

Nikamwambia imekwisha, mzee. Akasema haijaisha, naona matundu. Nikamweleza habari za ukungu, za mpingo na mninga, za pumzi. Nikaeleza vizuri mno, na hapo ndipo nilipoharibu, maana mtu aliyenijua alijua nikieleza vizuri nimeacha kitu. Akasema mstari mmoja una kipande na pengo, kipande na pengo, hadi juu. "Kijana, umeliacha nusu. Umeliacha nusu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote ulichowahi kuacha. Kaliziba, uniletee." Nikiliziba litapasuka, nisipoliziba halijaisha. Nikainuka nikaenda, bakuli nikaliacha pale pale barazani, na njia nzima nilikuwa nasikiliza kama kuna lori.

Asubuhi nilikuwa nimefunga nguo zangu, Nachingwea au Tanga, popote. Nikaona kwanza nikachukue bakuli langu, nisimwachie bwana shamba akaanikia soksi. Nikaingia uani kwa mjomba, nikalikuta limehamishwa kona ya jikoni, lina majani makavu ndani, na juu ya majani amekaa kuku. Tetea mwekundu wa bibi, amejitandaza, manyoya yamejaa mpaka kwenye matundu, ananitazama kwa jicho moja. Nikanyoosha mkono, akanidonoa nikaona nyota mchana. Bibi akasema, "Mume wangu, mwache mwenzio. Ana mayai." Nani alimweka kuku mle, sijui. Mpaka leo nikimuuliza Somoe anasema kuku ana miguu yake.

Nikamwendea mjomba, nikamwambia nimefuata bakuli nikalizibe. Akasema kuku akishakaa juu ya mayai hasumbuliwi, nimngoje atoke. Jioni bwana shamba naye akaja na baiskeli yake kutaka jibu, korosho zimekwisha. Mjomba akamwambia kuna jambo la bakuli bado, na bakuli lina kuku, kuku akitoka nitasema. Bwana shamba akaenda jikoni akachuchumaa, akamtazama kuku kwa heshima, akasema mahali pazuri, hewa inapita chini, mayai hayataoza. Halafu akanitazama mimi, nikamtazama yeye. Watu wazima wawili, mmoja wa serikali, tunasubiri kuku.

Kusubiri huko nitakwambia kulivyokuwa. Miguu inataka kwenda na hakuna pa kwenda, kwa sababu kila nikifika njiani nawaza je akitoka sasa hivi. Narudi. Amekaa. Na ukiwa uani kwa watu huwezi kusimama tu kama mti, unashika kitu. Nikashika shoka nikapasua kuni. Nikaona jiko linavuja, nikapanda nikaliezeka, na kwa kuwa kuku alikuwa chini yangu ananitazama nilimaliza paa lote, niliogopa kushuka nikimwacha. Nikajaza korosho zao kwenye magunia, nikalima kipande chao cha kunde. Na kwangu je? Wakimbizi wapya walikuwa wameingia kijijini, viongozi wakawapa nyumba yangu kwa kuwa sionekani humo, na wale watu walimalizia lile paa kwa siku moja, jambo ambalo mjomba alilitazama kutoka kwenye kigoda chake mwanzo hadi mwisho. Nikawa nalala kwenye baraza yake. Chakula nakula hapo, muhogo na kisamvu, na maji napewa ya mgeni, kata moja ya kunywa. Ndiyo desturi yetu kule juu. Maji ya kunywa humnyimi mtu, hata adui. Ya kuoga na kuosha ni ya wenye nyumba, mgeni anajua, haombi, anashuka mwenyewe jabalini.

Kuku alitoka asubuhi moja ya ukungu. Nilisikia vifaranga kabla sijaviona, kisha vikaanza kuchungulia kwenye matundu, kichwa huku, kichwa kule, kila dirisha lina mtu. Bibi akaviteremsha, mama yao akaviongoza uani akijisifu. Likabaki bakuli, majani, maganda na mavi, yamegandia kila pembe ya mpingo na mninga. Lakini hata kipande kimoja hakikuwa kimelegea. Nikalibeba mikononi, nikapita mbele ya kigoda.

"Unalipeleka wapi?" mjomba akauliza.

"Kwangu, mzee. Nikalioshe, kisha nilizibe."

"Kwako wapi?"

Nikatazama ng'ambo ya njia. Mtoto wa mkimbizi alikuwa amekaa mlangoni kwangu anakula muhogo. Mjomba alikuwa anatazama vifaranga, si mimi. Akasema, "Na ukiliziba, watapumulia wapi?" Akaacha kifaranga kimpite juu ya mguu, halafu akainua sauti kuelekea jikoni.

"Somoe. Mletee maji aoshe."

Somoe hakuleta kata. Alileta ndoo nzima, ile aliyoipandisha jabali zima kichwani, akaiweka mbele yangu, akachuchumaa upande wa pili akaanza kumimina. Jioni bwana shamba alipokuja akanikuta uani kwa mjomba, nimekunja suruali, natoa mavi ya kuku tundu kwa tundu kwa maji ya nyumba ile, na mpwa wa mwenye nyumba ananimiminia. Mtu yule alikuwa na akili, haikubidi aelezwe. Aliegemeza baiskeli ukutani, akawaamkia wazee, akasimama kidogo anatazama maji yanavyopita kwenye madirisha. Kisha akafungua mkoba wake, akaniuliza kama nina sabuni.